Tumwagie Maji?

Ndoo ndiyo iliyoanza. Mama aliijaza jioni, akaifunika, akaiwekea kata juu yake kama alivyozoea. Asubuhi akaikuta imelala ubavu na sakafu ni kavu, hata tone hakuna. Akamlaumu paka. Kesho yake akamlaumu paka tena, ingawa paka mwenyewe alikuwa ameshahama bila kuaga, maana paka hana haya ya kukimbia.

"Mwanangu, kuna kitu kinakunywa maji humu ndani," akasema.

"Ndoo ina ufa, Mama," akajibu mwanawe, akaenda kununua nyingine.

Huyo mwanawe ofisini walimwita Bwana Nukta. Alikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha shehena kwa meli, na kazi yake ilikuwa makaratasi ya mizigo ya hatari: inayolipuka, inayounguza, inayotoa sumu. Kwenye hati hizo huandikwa jina halisi la mzigo, hatari yake, idadi ya mapipa, na simu ya dharura. Simu yenyewe si ya mtu yeyote tu, bali ya mtu anayepokea usiku na mchana na anayejua mzigo ule ufanyweje ukiwaka. Nukta alijigamba kwamba hakuna kisanduku cha hati kilichowahi kutoka mezani kwake kikiwa kitupu. Tatizo ni kwamba kampuni haikuwa na mtu wa kukaa na simu. Basi siku moja, mwenye mali anamhimiza na meli inakaribia kung'oa nanga, akaandika nambari ya mama yake. Mama haendi popote, akawaza, na hajawahi kuiacha simu ilie mara mbili. Ikawa rahisi. Akaiandika na kwenye hati nyingine, na nyingine.

Baada ya ndoo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu kilichooza, na ilizidi adhuhuri, watu wakijinyoosha baada ya chakula. Mama alipekua jikoni mpaka nyuma ya jiko. Nukta hakupekua. Aliijua harufu ile: ni ya yale mawe ya kijivu ya kutengenezea gesi ya kuchomelea vyuma, ambayo hukaa kimya ndani ya pipa lao miaka nenda miaka rudi, lakini yakilowa tu hutoa gesi, na gesi ikikutana na cheche, hakuna wa kusimulia.

Alikumbuka pia adhuhuri nyingine. Alikuwa amerudi nyumbani kula, na Mama alikuwa na kichekesho cha kumsimulia.

"Leo kuna kijana kanipigia, anapiga kelele, nyuma yake ni upepo mtupu. Eti, mama, mapipa yanatoa moshi, karatasi ya maelekezo hatuioni, tumwagie maji? Nikamwambia, sasa moto unazimwa na nini tena, baba? Mwagieni maji! Nikamwombea na dua. Vijana wa siku hizi, hata moto mpaka waulize!"

"Amekosea nambari," Nukta alisema.

Mama alipokwenda kunawa, Nukta aliichukua simu ya mama yake. Nambari ya meli ilikuwa pale, ile iliyobeba yale mawe ya kijivu. Angeweza kuipiga na kusema maneno machache tu: msimwage maji, tumieni mchanga mkavu. Lakini wangemuuliza, wewe ni nani, na kwa nini simu ya dharura inapokewa na bibi kizee jikoni? Alipofikiria kuulizwa hivyo, uso ukamwaka moto. Akaifuta ile nambari, akamaliza kula.

Siku chache baadaye habari zikafika ofisini: baharia mmoja wa meli ile kafa kwa moto. Bosi akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Makaratasi yetu yako sawa?"

"Kila kisanduku kimejazwa," Nukta akajibu. Alijibu akimtazama bosi machoni, na tangu hapo aliona haya hata kunyoa mbele ya kioo.

Kisha kitu kile kikaachana na ndoo, kikamgeukia Mama. Kila alipoinua kikombe, kikombe kilimponyoka kama kimepigwa kibao, na maji yakakauka kabla ya kufika chini. Chai vivyo hivyo, mchuzi vivyo hivyo. Hospitali walimtundikia chupa ya maji, chupa ikapasuka, wauguzi wakatazamana, na aliyeitundika akaomba kubadilishiwa zamu. Wakamrudisha nyumbani. Midomo ikampasuka, ulimi ukawa mzito, na alipomshika mwanawe mkono alinong'ona, "Huo mkono unaonipokonya, mwanangu, una joto. Ngozi yake inabanduka, inabaki kwenye vidole vyangu."

Nukta akamwita Bibi Sindano. Huyo alikuwa fundi cherehani, lakini watu walimwita pia nyumba zao zilipoingiliwa na mizimu. Alikuja na utepe wa kupimia bado shingoni, akanusa, akazunguka chumba, akaketi kitandani kwa mgonjwa.

"Huyu hafukuziki," akasema. "Hana njaa, wala hana hasira. Ana swali tu, na anaogopa maji. Mbona anaogopa maji?" Akamgeukia Nukta. "Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Bibi, tuongee nje," Nukta akanong'ona. "Mama asisikie."

"Kwani yeye aliuliza nje? Aliuliza humu humu, na humu ndimo atakamojibiwa. Ukitaka kuitunza sura yako, itunze. Mama yako mtamzika."

Hapo simu ya Mama, iliyokuwa imezimwa tangu hospitali, ikaanza kulia juu ya meza, na bila mtu kuigusa ikajipokea yenyewe, na harufu ile ikajaa mpaka macho yakawatoka machozi, na kutoka kwenye simu ukaja upepo, na ndani ya upepo vyuma vinavyogongana na watu wanaoitana, na katikati yao sauti ya kijana, karibu mno, kama ameweka mdomo sikioni mwa kila aliyekuwa chumbani, ikisema kwa adabu, "Mama, mapipa yanatoa moshi. Tumwagie maji?"

Na Mama, kwa huruma yake ile ile, akaanza kufungua midomo iliyopasuka ili amjibu.

Nukta akaidaka simu. "Msimwage! Msimwage maji! Mchanga mkavu!"

"Wewe ni nani?" sauti ikauliza.

Lilikuwa ndilo swali alilolikimbia. Akapiga magoti. "Mimi ndiye karani. Hii nambari niliiandika mimi. Huyu ni mama yangu, hajui chochote. Nilijua siku ile ile kwamba mmepiga, nikaifuta nambari yenu kwa sababu niliona aibu."

Upepo ukatulia, harufu ikapungua, ikaisha. Bibi Sindano akamimina maji, akampa mgonjwa. Kikombe hakikutikisika. Mama akanywa polepole mpaka mwisho, machozi yakimtoka, na hakumtazama mwanawe.

"Kijana yule nilimwita baba," akasema. "Akaniuliza kwa heshima, nami nikamwambia mwagieni."

"Ni kosa langu, Mama. Si lako."

"Mdomo ni wangu." Akakigeuza kikombe mikononi, kitupu. "Hii nambari yangu umeiandika kwenye meli ngapi?"

Nukta hakujua. Hakuwahi kuzihesabu, na nyingi zilikuwa bado baharini. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nakuuliza," Mama akasema, "kwa sababu yule kijana hakuwa peke yake. Wengine waliopiga sikukusimulia. Niliona ni mambo madogo, nisikusumbue na kazi zako."

Simu ikalia tena mkononi mwa Nukta. Akaitazama, akamtazama Bibi Sindano, ambaye alikuwa ameshasimama na kurudi nyuma mpaka ukutani. Juu ya meza, jagi la maji lilianza kuinama lenyewe, taratibu.

"Pokea, mwanangu," akasema Mama. "Wote niliwaambia hivyo hivyo."