Mlango wa Jikoni na Upepo wa Bura

Saa moja asubuhi, Februari 1987, moto uliwaka kwenye kikaango cha mama. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yamepata joto kupita kiasi. Nje, upepo wa bura ulivuma kutoka milimani, mkavu na wa baridi kali.

Kisiwani kwetu, moshi ukijaa ndani, watu hufungua mlango ili bura iufagie. Babu alifanya hivyo, na baba pia. Kaka yangu Dinko naye akaufungua wote.

Moto ukaruka hadi kwenye pazia la maua ya bluu, alilolishona mama mwenyewe.

Jirani yetu Šime, aliyefundisha mabaharia kuzima moto, alikuwa akipita na mkate kwapani. Aliingia, akasukuma mlango kwa mgongo ukafungika, akafunika kikaango, kisha akang'oa pazia na kulikanyaga.

"Si wewe unayepanda meli Jumatatu?" alimwuliza Dinko.

"Ndiyo, mjomba. Na cheti cha kuzima moto ninacho."

"Mbona hukukitupa kwenye kikaango?"

Mama hakucheka. Baba alikuwa amekufa melini kwa moshi.

"Walikufundisha nini?" Šime aliuliza.

"Tulitazama picha darasani. Kisha tukazima karai la moto uwanjani."

"Uwanjani kuna nafasi ya kukimbia. Melini kuna giza na chuma kinachounguza. Moto unakula hewa, Dinko. Ukiufungulia mlango, umeulisha. Gusa mlango kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usifungue. Hesabu wenzako. Mkishatoka wote, funga kila tundu la hewa."

"Nimeelewa."

"Umesikia tu. Njoo kwenye chumba changu cha chuma ninamofundishia, uvae mtungi wa hewa, utambae ndani ya moshi mpaka mikono yako izoee. Tunaanza Jumatatu."

"Jumatatu meli yangu inaondoka!"

"Iondoke," mama alisema.

Iliondoka bila yeye. Dinko alinuna, lakini alikwenda kwa Šime. Alirudi na masizi masikioni na nyusi zimebabuka. Mama alimwosha kichwa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, kama alivyotuosha utotoni. Nyumba nzima ilinukia.

"Mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe kufungua mlango," Dinko alisema, macho yamejaa povu. "Yule mzee akanirudisha mwanzo. Tena na tena. Ana kichwa cha punda."

"Mshukuru huyo punda," mama alisema, akammwagia maji.

Alipata meli nyingine. Kiangazi kilichofuata, chumba cha injini cha meli hiyo kilishika moto karibu na Malta. Siku ya pili simu ililia kwa Šime, naye akamwita mama kupitia dirishani aje kuipokea.

"Mama, tumetoka wote," Dinko alisema. "Mlango niliufunga."

Mama alimwuliza kama amekula.