Dawa Alizobakiza Katarina

Asubuhi ile mvua ilikuwa imelowesha kuni, na moshi ulijaa jikoni. Fabiani alikoroga uji huku akimsikiliza binti yake, Fausta, akikohoa chumbani. Fausta alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Katarina, walimzika mwaka jana.

Homa ya mtoto ilikuwa imefika siku ya tatu. Fabiani akatoa kimfuko cha antibiotiki, zile dawa za rangi mbili. Akafungua kidonge kimoja, akamwaga nusu ya unga wake kwenye uji.

"Kunywa, mwanangu. Mama yako alikuachia."

Ilikuwa kweli. Katarina alipopewa dawa za nimonia, siku ya pili alipata nafuu, akaacha kumeza. "Hizi tumwekee mtoto," alisema. "Zahanati leo ina dawa, kesho haina." Pale kijijini Mwese kila nyumba iliweka hivyo. Baada ya wiki mbili ugonjwa wa Katarina ulirudi kwa nguvu. Alikata roho juu ya pikipiki, akipelekwa hospitali ya Mpanda, kwenye barabara ile ambayo kila uchaguzi wanaahidi kuitengeneza.

Mchana Fausta alianza kupumua mbio, kifua kikibonyea. Fabiani akambeba mgongoni mpaka zahanati.

"Umempa nini?" aliuliza muuguzi, Thacienne.

"Rangi mbili. Nusu."

"Za nani?"

"Za marehemu mama yake."

"Baba Fausta, dawa ya mtu mzima si ya mtoto. Tunampima kwanza, ndipo tunajua dawa gani na kiasi gani. Kikohozi cha mafua hakitaki hata dawa hizi. Ukimeza nusunusu, vijidudu dhaifu vinakufa, vile sugu vinabaki na kuzaana. Siku nyingine dawa hiyo haivigusi."

"Mnasema leo. Aliyempa mke wangu dawa alimtupia mfuko kama anatupia kuku mahindi. Nyie wakubwa midomo mnayo siku za mikutano tu."

"Hapo una haki. Alipaswa kumweleza."

"Kwa hiyo zilezile alizotuwekea bila kuzimeza ndizo zilizomuua?"

"Siwezi kukuambia hivyo. Yeye alimpenda mtoto wake. Ila hizo niachie hapa."

Fabiani alikibana kile kimfuko. Mikono ya Katarina ndiyo iliyokifunga. Mwisho akakiweka mezani.

Thacienne akampima Fausta, kisha akampa Fabiani vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni, siku tano. "Akizidiwa, mrudishe haraka. Akipata nafuu, usiache."

Siku ya tatu Fausta aliomba ugali. "Baba, nimepona. Dawa basi."

"Mama yako alisema hivyohivyo."

Fausta akanywa. Akamaliza siku zote tano, kifua kikatulia, akarudi shule.

Jumapili jirani yao Josephat alikuja ameshika shavu. "Jino, ndugu yangu. Nigawie rangi mbili."

"Hapa hakuna tena. Twende zahanati."

"Siku hizi umekuwa daktari?"

"Ningekuwa daktari, ungemkuta Katarina hapa," alisema Fabiani, akavaa viatu vyake.