Nipatie Mukono Nisimame

Jumamosi ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linalomuuma Masika mpaka leo. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, barabara ya Sake ilipokuwa imetulia kidogo. Guylain aliazima gari la mjomba wake, akawaambia rafiki zake wawili kwamba wamechoka kufungiwa Goma kama kuku kwenye tenga. Waende Mushaki wakaone ng'ombe, wale jibini, wapige picha, warudi mapema. Masika, mshonaji wa mtaa wa Mapendo, alikubali kabla hajasikia mpaka mwisho. Kazi ikawa kumtoa Umutesi nyumbani.

Umutesi alikuwa mtoto pekee aliyembakia mama yake, Mukamugema wa mtaa wa Murara. Wawili wa kwanza walipotea katika mbio za vita, na tangu hapo mama huyo hakumwacha binti yake avuke hata mtaa bila maswali kumi. Masika akaenda mwenyewe, akanywa chai, akabembeleza hadi mate yakamkauka. Mwishowe mama akamshika kiganja kwa mikono miwili.

"Masika, niko na huyu tu," alisema. "Unirudishie yeye."

Masika akaapa huku anacheka. Nani aogope safari ya kwenda kula jibini?

Na kweli walifurahi. Walipita migomba iliyoota katikati ya mawe meusi, wakaipita Sake, wakaanza kupanda hadi ziwa likabaki chini huko, dogo na la buluu. Mushaki vilima vilikuwa vya kijani mpaka vinakutana na ukungu. Walinunua jibini zima la mviringo, wakalikata kwa kisu cha Guylain, wakashushia na maziwa. Ndama mmoja akamkimbiza Guylain hadi akapoteza kiatu, na Umutesi akacheka mpaka akakaa chini. Masika hakuwa amewahi kumwona akicheka hivyo.

Saa tisa alasiri walikuwa njiani kurudi. Walipokaribia Lac Vert, kile kiziwa cha kijani, gari likachemka, Guylain akalisimamisha kando ili aongeze maji. Jua lilikuwa kali. Chini ya barabara kulikuwa na kibonde katikati ya mawe ya volkano, na ndani yake amekaa mama mmoja, gunia mgongoni, ukanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso, miguu kainyoosha mbele. Alipowaona alinyoosha mkono.

Kivu hakuna asiyelijua jambo hili. Mama akishajitwika mzigo mzito hawezi kusimama peke yake. Hukaa kando ya njia akangoja mpita njia amvute. Huulizi jina wala anakotoka. Unatoa mkono, anasimama, anashukuru, mnaachana. Mgeni kutoka mbali angepiga picha na kwenda zake, na angefika salama. Umutesi hakuwa mgeni. Akashuka.

Masika alikuwa juu, ameshika chupa ya maji. Aliona mikono yao ikikutana. Aliona yule mama akisimama, tena kwa wepesi mno. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

Umutesi ndiye aliyekuwa amekaa, gunia mgongoni.

Yule mama alipanda kibonde akilia, anajisugua paji la uso. Alimpita Masika karibu sana, bila kumtazama.

"Munisamehe," alinong'ona. "Niko na batoto."

Akashika njia ya Sake, mbio.

Guylain aliwaza mazuku kwanza, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi mabondeni. Kila mtoto wa Goma anajua kuipima. Akawasha njiti ya kiberiti, akashuka nayo ameiinamisha chini kabisa. Moto haukuzimika. Ulimuunguza vidole. Hewa ilikuwa nzuri.

Akatoa kisu, akajaribu kuukata ukanda. Haukukatika. Akajaribu tena. Kisu kilichopita kwenye jibini asubuhi kikapinda. Akalikumbatia lile gunia alinyanyue, na hapo ndipo alipoliachia na kurudi nyuma, uso umemshuka. Ndani ya gunia kitu kilikuwa kimejisogeza, taratibu, kama kinatafuta mkao.

"Masika," Umutesi akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Iko nzito. Nipatie mukono nisimame."

"Usimupatie," Guylain alisema.

Masika akanyoosha mkono. Alimpenda Umutesi, na alikuwa ameapa. Vidole vyao vikagusana. Uzito ukaja. Ukapanda kwenye kifundo, kwenye kiwiko, ukafika begani. Paji la uso likaanza kumbana.

Akauchomoa mkono wake.

Umutesi aliuacha mkono wake hewani. Alimtazama tu. Masika alikimbilia gari na hakugeuka nyuma.

Mukamugema alikuwa amesimama mlangoni walipofika Murara. Alihesabu vichwa viwili vikishuka.

"Mutoto wangu iko wapi?"

Masika alimwambia yote, kilio kinamkata maneno. Mama hakupiga kelele, wala hakusema ni uongo. Alijifunga kitenge kiunoni, akaingia garini. Njia nzima aliuliza jambo moja tu.

"Ulimupatia mukono?"

Masika akasema alimpa, halafu akauondoa. Mama akageuza uso dirishani.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima walipofika. Umutesi alikuwa palepale, shingo imezama mabegani, midomo imekauka. Alipomwona mama yake anashuka, aliificha mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Mama, hapana. Rudia nyumbani. Mama, nakuomba."

Mukamugema alipiga magoti mbele yake, akampangusa vumbi usoni. Kisha akaivuta ile mikono kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine, kama anayemvua nguo mtoto asiyetaka kuoga.

"Simama, mutoto wangu."

Umutesi akasimama. Mama akakaa.

Guylain alimbeba Umutesi hadi garini, binti akipiga mateke na kumng'ata bega. Masika alibaki ukingoni mwa kibonde. Alitaka kuomba radhi. Mukamugema, ukanda kwenye paji, alikuwa anamtazama yeye, si binti yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kunyooka.

Usiku ule walimwacha pale, asubuhi wakarudi na wakristo wa parokia. Kibonde kilikuwa kitupu. Majani yalikuwa yamelala pale alipokaa, basi. Waliuliza Sake, waliuliza Mugunga, hakuna aliyemwona. Umutesi alienda kila siku kumwita mama yake mpaka sauti ikamkauka. Kama kuna mtu aliyempa mkono, kwa nini hakurudi nyumbani kwake? Masika alilifikiria swali hilo usiku na mchana, na jibu lililobaki lilimtia baridi: hakuna aliyempa. Alikuwa amesimama mwenyewe, na mzigo wake.

Siku ya tatu Masika alifungua mlango wake, Mapendo, akaona jiwe la kizingiti limebonyea. Ni jiwe la volkano, lile ambalo mafundi hulivunja kwa nyundo hadi mikono inawaka. Lilikuwa na alama mbili za visigino, na nyuma yake shimo pana la mtu aliyekaa. Guylain alilijaza saruji, ikakauka vizuri. Asubuhi yake alama zilikuwa zimerudi, mahali pale pale. Sisi majirani tumeziona, na wengine tumeweka vidole ndani.

Masika siku hizi anaingia na kutoka kwa kupitia dirisha, mikono ameiviringisha kwenye kitenge. Tunamwambia ahame, naye anasema kuhama hakutasaidia. Kila asubuhi anazitazama zile alama kwa mbali. Aliyekaa pale ameelekea mlango wake, na kila wiki visigino vinazidi kuzama.