Bibi Aliyepapasa Ukuta

Kila asubuhi, kipindi cha Kiswahili kilipoanza, mwalimu alimwita Cherehani asome kwa sauti. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu alisoma mfululizo, tatatata, bila kukwama wala kuvuta pumzi. Wengine walisoma kwa kusitasita. Yeye alifika mwisho wa ukurasa kabla hujakaa vizuri.

Jumatatu moja alisoma hadithi ya bibi aliyeishi na mjukuu wake. Alipomaliza, akapigiwa makofi.

"Haya, mwanangu," mwalimu akasema, "kwa nini bibi alipapasa ukuta kila alipokwenda jikoni?"

Cherehani akajibu upesi. "Alikuwa anafuta vumbi, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu aliuma mdomo. "Ijumaa utawasomea hadithi hii wadogo zako wa darasa la tatu, nao watakuuliza maswali. Jiandae."

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimfuata rafiki yake, Miwani.

"Niandikie majibu niyakariri, tafadhali."

"Na wakiuliza swali ambalo sikuliandika?"

Cherehani akajikaza, akaenda ofisini kwa mwalimu.

"Mwalimu, mimi husoma tu. Sielewi ninachosoma."

Alitegemea kugombezwa. Badala yake, mwalimu alisogeza kando rundo la madaftari, akamvutia kiti.

"Umefanya vizuri kusema. Soma aya moja, ufunike kitabu, kisha unisimulie kwa maneno yako."

Mara ya kwanza hakukumbuka kitu. Akarudia polepole. "Mandhari ni jikoni. Ni mchana, lakini bibi anaomba taa iwashwe."

"Mchana? Hushangai?"

Cherehani akarudi nyuma, kidole kikifuata mistari. "Tena anamwaga chai nje ya kikombe, anasingizia kimeteleza. Mjukuu akiingia, bibi hamtambui mpaka asikie sauti…" Akainua uso. "Mwalimu! Bibi haoni! Na hataki mjukuu ajue!"

"Mwandishi amesema hivyo wapi?"

"Hajasema. Nimekusanya dalili."

"Basi leo umesoma. Na huo ndio mgogoro wa hadithi: bibi anahitaji msaada, ila anaona haya kuuomba."

"Kama mimi," Cherehani akasema, akacheka huku machozi yakimlenga.

Ijumaa, mbele ya darasa la tatu, alisoma aya, akasimama kidogo. "Mnadhani nini kitatokea?" Mikono ikajaa hewani, kila mtu na lake. Kisha mtoto mmoja mwenye pengo akauliza, "Dada, 'macho yake yalikuwa kama dirisha lenye ukungu'. Macho yana vioo?"

Wenzake wakacheka, lakini Cherehani hakubabaika. "Hayana. Mwandishi amefananisha vitu viwili kwa neno 'kama'. Hiyo inaitwa tashbihi. Wewe ukitazama kwenye dirisha lenye ukungu, unaona nini?"

Mtoto akawaza. "Sioni vizuri." Macho yakamtoka. "Kumbe bibi naye haoni!"

Cherehani akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo kichwani.

Watoto walipotoka, mwalimu akamshika bega. "Sauti yako ni nzuri, mwanangu, lakini hadithi inataka na akili yako. Simama, jiulize, rudi nyuma, kisia. Na usipoelewa, sema mapema. Hakuna aibu katika kuuliza. Hasara ni kupigiwa makofi kwa jambo usilolijua."