Fundi Hamna Shida na Diski Zisizoonekana

Jamani, tusikilizane. Nyumba ninayotaka kuwasimulia haikuwa na mlevi wala mgomvi, na hakuna aliyelala njaa ndani yake. Ndiyo maana ubaya ulipobisha hodi, hakuna aliyeushtukia.

Mbele ilikuwa studio ya picha, nyuma waliishi wenyewe, mume na mke. Mke ndiye aliyepiga picha, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mzee alipofariki alimwachia makasha ya filamu zilizokwisha kuanza kuliwa na unyevu. Binti akaketi, miaka na miaka, akiziingiza kwenye kompyuta moja moja kabla hazijaoza. Filamu zenyewe ziligandamana zikatupwa, lakini picha zilibaki. Mtaa mzima ulikuwa mle ndani: maharusi ambao sasa ni mabibi, wanaume wenye vipara wakiwa bado na nywele za kujivunia, na marehemu wengi.

Mume alikuwa fundi wa kompyuta. Ukimpelekea mashine, hata kabla hajaifungua, alikwambia hamna shida. Aliisema sana hata watu wakamwita hivyo, Hamna Shida, na jina likamkaa na kumpendeza. Lakini hebu niambieni, mtu akishaitwa hivyo, neno "sijui" atalitoa kwa mdomo gani?

Mchana mmoja wa jua tulivu, mke akikata kingo za picha mezani, mume alirudi akisukuma toroli. Juu yake palikuwa na seva, yaani kompyuta kubwa ya kutunzia kazi za ofisi nzima. Ofisi fulani ilikuwa inaitupa. Aliipapasa kama mtu aliyenunua ng'ombe. Kompyuta ya studio ilikuwa imezeeka, alisema, na sasa picha zitapata nyumba ya kudumu. Alipoiwasha ikanguruma mpaka vioo vya fremu vikatetemeka, na mke akamwuliza kama hiyo ni ya picha au ya kusaga mahindi. Wakacheka wote wawili. Ni vizuri kukumbuka kwamba walicheka.

Siku chache baadaye dobi wa mtaani alileta mapazia ya studio aliyoyafua. Alikuwa mgane, na siku hiyo alisema amejikusanya, atakuja mwisho wa mwezi kukuziwa picha ya marehemu mkewe. Picha hiyo ilipigwa na mzee wa studio, mkewe huyo akiwa bado msichana, na nakala ya nyumbani ilichukuliwa na maji ya mvua. Mke akasema ataitafuta, kisha akamgeukia mumewe.

"Mume wangu, kabla hujazigusa zile diski za kompyuta ya zamani, picha umeshazihamisha?"

Fundi alikuwa ameanza kunakili kwenye diski ndogo ya mkononi, ikajaa katikati ya safari. Alikuwa na nia ya kuazima nyingine. Lakini dobi alikuwa amesimama pale, mapazia mkononi, akimtazama kama watu wanavyomtazama fundi wao.

"Nimeshahamisha," alisema. "Hamna shida."

Wenzangu, huo ni uongo wa aina ile ambayo msemaji huiona kama ukweli uliochelewa kidogo. Atamalizia kesho, basi utakuwa kweli.

Kesho yake hakumalizia. Alitamani kuijaribu seva. Alizichomoa diski za picha kwenye kompyuta ya zamani akazichomeka kwenye seva, kwa nia ya kuona tu kama zitakaa sawa, kisha aazime diski nyingine ya kunakilia. Akaanza kuweka mfumo mpya wa kuendeshea mashine. Kazi ikaenda vizuri hadi mfumo ulipotaka kuonyeshwa diski ya kukaa. Orodha ikawa tupu. Diski zimechomekwa, taa zinawaka, lakini mfumo hauoni kitu.

Sababu haikuwa ya ajabu. Ndani ya seva kuna kadi inayoziunganisha diski zote, na kadi hii ilikuwa ya zamani. Mfumo mpya haukuwa na draiva yake, ile programu ndogo ya kuvitambulisha vifaa. Palihitajika kadi nyingine, au mfumo wa zamani zaidi. Fundi hakulijua hilo, na kutojua si kosa. Mtu wa kumwuliza alikuwepo: binti mmoja aliyejifunzia kazi kwake, ambaye sasa anatunza seva za kampuni kubwa na kila sikukuu humpigia kumsalimia. Alilitafuta jina lake kwenye simu, akalitazama, akairudisha simu mfukoni. Mwalimu amwulize mwanafunzi?

Wateja wakaanza kujaa studio. Mke akachungulia kwenye pazia kuuliza kama bado. Yeye akajibu anamalizia, huku jasho likimtoka. Akaingia kwenye menyu ya ile kadi. Humo akaambiwa ili diski zitumike lazima ziundiwe kundi jipya, na kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Aliyasoma maneno hayo, tusimsingizie kwamba hakuyaona. Lakini fundi huona maonyo kutwa nzima, na kutwa nzima hubonyeza ndiyo. Akajiambia mashine zinapenda kutisha watu. Akabonyeza.

Seva ikafanya ilichoambiwa, ikawaka upya. Akarudi kwenye mfumo. Orodha ilikuwa bado tupu. Picha zimekwenda, na diski bado hazionekani.

Akakaa chini sakafuni. Bado alikuwa na nafasi ya kuinuka, kumwita mkewe na kusema. Badala yake akazichomoa diski, akazirudisha kwenye kompyuta ya zamani, akajaribu programu hii na ile, na kila jaribio likaandika juu ya kile kidogo kilichokuwa kimesalia. Mke akiuliza, anaambiwa kesho. Kesho ikija, kesho tena. Akawa mtu wa kuingia kimyakimya na kula bila kuinua uso.

Mwisho wa mwezi dobi akaja, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Mke akamwita mumewe atoe ile picha. Fundi akatoka nyuma ya pazia na, bila kupanga, akasikia mdomo wake ukisema mashine ilikufa yenyewe, imekufa na vyote, wala hapakuwa na la kufanya.

 Dobi akamshika bega.

"Pole sana, fundi," alisema. "Kama wewe umeshindwa, basi haikuwezekana."

Akaenda zake. Mke hakuinua sauti. Alimwomba mumewe ile diski ya mkononi aliyosema amehamishia. Akaichomeka mwenyewe, akafungua. Zilikuwepo za miaka ya karibuni. Za baba yake hazikuwepo hata moja.

"Ulisema umeshahamisha."

"Nilitaka kumalizia."

"Yule mtu amekupa pole," alisema mke. "Na wewe ukaipokea."

Ndipo fundi akapiga simu. Yule mwanafunzi wake alikuja siku hiyohiyo, akafanya kazi kwa adabu bila kumlaumu, ila aliuliza mara moja tu kwa upole kwa nini mwalimu wake hakumpigia mapema, maana hiyo kadi anaijua. Aliokota alichoweza: picha chache za mzee, nyingi zimekatika. Moja ilikuwa ya msichana. Nywele zilionekana, na paji la uso, na nyusi. Kutoka hapo kwenda chini ni kijivu kitupu.

Fundi aliichapisha akaipeleka mwenyewe kwa dobi. Alimkuta akipiga pasi. Akasimama mlangoni akamweleza yote, tangu diski iliyojaa hadi kidole kilichobonyeza. Dobi aliitazama picha kwa muda mrefu, akaiweka juu ya nguo safi.

"Ni yeye," alisema. "Lakini ile pole yangu, fundi, naomba unirudishie."

Akaendelea kupiga pasi.

Wenye studio bado wanaishi pamoja, na studio bado ipo. Kila jioni mke huuliza kama mlango wa mbele umefungwa. Mume hujibu ameshafunga, na ni kweli amefunga. Mke husimama, akaenda, akautikisa mwenyewe, akarudi kuketi.  Mume husikia kitasa kikigonga, na kila kikigonga humchoma upya.

Funzo

Ndugu zangu, tusiwatwike mafundi wetu, wala waume zetu, majina yasiyowaachia nafasi ya kusema "sijui". Na wewe uliyepewa jina hilo, livue kabla halijakumaliza. Kutojua kadi ya mashine ni jambo la simu moja tu. Lakini usiseme umefanya kabla hujafanya, hasa kwa mtu anayekuamini bila kuhakikisha, kwa sababu siku atakayoanza kuhakikisha, hutaweza kumzuia.