Kilio Kabla ya Maiti

Moto wa Mama Emérence ulizimika jioni, ukungu ukiwa unapanda kutoka bondeni. Akatukana kuni mbichi, akatukana mvua, kisha akachukua kigae na kwenda kuomba kaa la moto kwa shemeji yake Nestor. Safari ya kawaida kabisa. Juu kule Ngungu kila nyumba ilikuwa inaomba moto kwa jirani, na mwanamke mwenye haya ya kuomba moto angekula maharage mabichi.

Nyuma alimwacha binti yake Drocella mlangoni, mimba imekomaa, mikono kiunoni. Mumewe Straton alikuwa mbali, Walikale, akichimba mawe ya bati, kwa hiyo binti alirudi kujifungulia kwa mama. Huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa Emérence. Wengine walikuwa wamelala chini ya migomba pamoja na baba yao. Kwa hiyo mtu akitaka kujua roho ya mama yule ilikuwa imefungwa wapi, ilikuwa imefungwa pale mlangoni.

Kwa Nestor alikuta ua umejaa watu. Hakushangaa. Ulikuwa mwaka ambao uhuru wenyewe ulikuwa na umri wa mtoto anayeng'oka meno, na redio kilimani ilikuwa moja tu, ya Nestor. Aliipata kule Sake, pale njia panda, kwa mtu aliyekubali kuibadilisha kwa mbuzi. Halafu mtu huyo akaondoka zake na kumwacha mbuzi. Nestor alikicheka kisa hicho kila alipokunywa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Baadaye akaacha kukicheka.

Maana redio ile ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, komunike kama walivyoyaita. Hilo peke yake si ajabu, redio zote husoma: fulani amefariki, ndugu zake walioko mahali fulani wanajulishwa. Ajabu ni kwamba hii ilisoma majina ya kilima chao, na iliyasoma mapema. Ilimtaja Papa Edmond naye amekaa pale pale, kibuyu mkononi. Alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake, kabla jua halijazama, jiwe kubwa liliporomoka likamkuta shambani. Ikamtaja Mama Emérita, mwanamke mzima asiyejua hata kikohozi. Kesho yake alijilaza mchana, hakuamka. Nestor aliogopa, akaitupa redio chooni. Asubuhi aliikuta nyumbani mahali pake, kavu.

Tangu hapo kilima kilikata tamaa, na kukata tamaa kwao wakakuita heshima. Jina likisomwa, watu walikuja kesho yake na kuni na pombe, wakamkalia mwenye jina uani kwake wakimngoja. Naye aliyetajwa alitandika mkeka wake mwenyewe na kulala.

Emérence aliinama jikoni kuchota kaa. Hapo akaona mabuye ya redio, yale mawe yanayoipa nguvu, yamepangwa kando ya moto yakiota joto ili yafufuke. Yote yalikuwa pale. Hakuna hata moja lililobaki ndani ya redio.

Na huko uani redio ilikuwa inaongea.

"...wanajulishwa kifo cha Drocella, binti ya Emérence..." Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili cha kunyooka, bila haraka yoyote. "Mazishi ni kesho, kabla ya jua kuzama. Walio karibu wamesikia."

Kisha... shshshsh...

Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi ikajaa uani.

Kaa lilikuwa linamwunguza kidole Emérence naye hakulitupa. Alilitia kigaeni polepole, akatoka nje. Watu wote walikuwa wanatazama miguu yao. Nestor alisimama.

"Shemeji, jikaze," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho tutakuja mapema."

"Mutakuja kufanya nini?"

"Kilio."

"Kilio ya nani? Mutoto wangu iko nyumbani, anangoja moto tupike."

Marie, mke wa Nestor, alimsogelea na kumnong'oneza. "Mama Drocella, komunike imeshapita. Muntu hapiganake nayo. Edmond alipigana?"

"Njo sababu alikufa," Emérence alisema, akaondoka na moto wake.

Alipika, akala, akamwangalia binti anavyokula. Hakumwambia neno.

Uchungu ulimshika Drocella alfajiri. Asubuhi ukungu ulikuwa haujainuka, mzito, wa kumeza hata mgomba ulio mbele ya mlango, na ndani ya ukungu ule watu walianza kufika. Kwanza hatua. Kisha kikohozi. Kisha sura. Wanawake walikuja na kuni kichwani, wakakaa chini wamenyoosha miguu. Wanaume walisimama chini ya paa. Evode, katekista, alikuja na rozari yake imeshatoka mfukoni. Hata Mama Godelieve mkunga, aliyeitwa kuzalisha, alifika amejifunga kitambaa cha kilio kichwani.

"Vua ile kitambaa ao baki inje," Emérence alimwambia.

Godelieve alikivua, akaingia ndani.

Uani wakaanza kuimba. Nyimbo za kaburi, kwa sauti ndogo, za kumsindikiza mtu taratibu. Drocella aliinua kichwa mkekani, jasho linamtiririka.

"Mama... nani amekufa?"

"Hakuna muntu."

"Sasa mbona wanaimba?"

Hapo hasira ilimpanda Emérence mpaka masikio yakavuma. Alitoka nje awafukuze wote. Lakini kabla hajafungua mdomo alisikia kitu kingine, au tuseme hakukisikia. Ulikuwa msimu wa kupanda maharage, na kilima chote kilikuwa kimya. Kwao, maiti ikiwa haijazikwa, jembe haligusi udongo. Hakuna jembe lililokuwa linalia, si juu, si bondeni. Kilima chote kilikuwa kimeshakubali kwamba Drocella ni maiti.

Basi alirudi ndani, akafunga mbegu za maharage kwenye kitenge kiunoni, akachukua jembe.

Nestor alimzuia njiani. "Shemeji, unaenda wapi?"

"Kulima."

"Kulima na maiti iko ndani ya nyumba? Utatuletea laana sisi wote."

"Maiti iko wapi, Nestor? Nionyeshe."

Emérence akapita. Nyuma yake wanawake waliguna kana kwamba amevua nguo mbele ya padri. Waache wagune. Aliteremka mpaka kwenye kipande chake cha shamba, pale kinapopakana na migomba ya makaburi, akapiga jembe.

Ta.

Akapiga tena. Ta. Udongo ulikuwa laini, wa mvua. Kutoka nyumbani alimsikia Drocella analia, kilio kirefu cha uchungu.

Na katikati ya migomba jembe lingine likapiga.

Ta...

Emérence alisimama. Jembe lile nalo likasimama. Alingoja. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba. Ile harufu ya jana usiku ikamjia, udongo uliofukuliwa, hapa ambapo yeye alikuwa hajafukua kitu.

"Nani ule?"

Drocella alilia tena. Ta... ta... Lile jembe halikuwa linalima. Mkulima anajua. Linalolima linakwangua na kugeuza. Hili lilikuwa linashuka.

Alisogea akiwa ameshika jembe lake kwa mikono miwili. Kando ya kaburi la mumewe palikuwa na shimo. Kina chake kilimfika kiunoni, kingo zake zimekatwa vizuri, kazi ya mtu mwenye mazoea. Ndani hapakuwa na mtu.

Drocella akapiga kelele.

Ta. Udongo uliruka kutoka chini ya shimo tupu, mbichi, ukamwangukia miguuni.

"Mama," sauti ikasema. "Tangazo limeshasomwa."

Ilikuwa ile sauti ya kunyooka. Ilitoka nyuma ya mgomba ulio karibu naye kabisa, mahali ambapo angenyoosha mkono angemgusa anayeongea. Hakunyoosha mkono. Aliingiza jembe kwenye lundo la udongo na kuanza kufukia.

Alifukia, na chini likachimba. Alifukia tena. Kila binti alipolia, shimo lilimrudishia udongo wake. Mikono ilimwisha nguvu, kifua kikawaka moto, naye akalia kwa hasira, si kwa huzuni, machozi yakamziba macho.

"Mama, unajichosha," sauti ikasema kwa upole. "Waliokaa uani wamekubali. Umebaki peke yako."

"Niko pekee, ndiyo. Sasa?"

"Shimo lina jina."

Hapo Emérence aliacha kufukia. Sauti huenda ilidhani amechoka. Alifungua kitenge kiunoni, akachota mbegu, akazitupa shimoni, akavuta udongo mwepesi juu yake, akatupa nyingine, akafunika. Lazima mtu ajue jambo moja kuhusu kilima kile. Watu wake waligombana juu ya mipaka, walisogezeana mawe usiku, walinyimana salamu miaka na miaka kwa ajili ya hatua mbili za shamba. Lakini mbegu ya mtu ikishaingia udongoni, hata jirani mbaya kuliko wote hakuifukua. Angengoja wavune ndipo agombane.

"Hii haiko shimo," Emérence alisema, akihema. "Hii njo shamba. Nimeshapanda. Mwenye atachimba hapa, anaiba shamba ya mujane."

Drocella alipiga kelele kubwa kuliko zote.

Jembe halikupiga.

"Jina limeshatoka, mama," sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na haraka.

"Njo wewe uliitoa. Rudisha."

Majani ya migomba yalitikisika pasipo upepo. Kitu kilipita karibu na bega lake, baridi, kinanuka chini ya ardhi. Kisha kule juu, ndani ya ukungu, mtoto mchanga akalia.

Emérence alikaa chini juu ya shamba lake jipya na kucheka mpaka akakosa pumzi.

Uani watu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Walikuja kulia, sasa hawana wa kumlilia. Mwishowe walikula chakula cha kilio wakakiita cha uzazi. Mtoto alikuwa msichana, na Drocella alikuwa anaomba uji kwa hasira za mtu mzima wa afya. Godelieve alisema damu ilikuwa inamtoka vibaya, ghafla ikakatika yenyewe, hajui kwa nini. Nestor hakumtazama shemeji yake machoni.

Jua lilizama juu ya Drocella aliye hai.

Emérence alinawa mikono, akaenda kwa Nestor. Alitaka kusikia ile sauti ijieleze. Kilima kizima kilikuwa pale, kimya, na redio ilikuwa juu ya magoti ya Nestor.

Shshshsh...

"Tunasahihisha tangazo la jana," sauti ilisema bila haraka. "Marehemu si Drocella. Wanajulishwa wote kifo cha Nestor, mwenye redio hii. Mazishi ni kesho, kabla ya jua kuzama."

Harufu ikaja.

Redio ilimteleza Nestor magotini. Hakuna aliyeiokota. Marie alikuwa ameshatoa kitambaa cha kilio na kuanza kujifunga, mikono yenyewe inafanya kazi iliyozoea. Nestor mwenyewe aliinuka, macho hayaoni kitu, akaingia ndani. Walimsikia anatandika mkeka.

Emérence alisimama pale. Tusidanganyane, kwa muda mfupi ilikuwa tamu. Huyu ndiye aliyemzuia njiani. Huyu ndiye aliyeleta kuni za kumlilia mtoto ambaye bado anapumua. Angeweza kwenda nyumbani, akambeba mjukuu, akalala vizuri. Kifo kilikuwa kimehamia nyumba nyingine, na nyumba ile ilistahili. Lakini alisikia mkeka ule unavyonyooshwa, na hasira ikamrudia, ile ile ya asubuhi, na haikuwa ya kumkasirikia Nestor.

"Marie," alisema. "Fungua ile kitambaa."

"Mama Drocella, komunike..."

"Nimesikia komunike. Lete majembe. Yote. Na mbegu."

Evode alikohoa. "Mama, giza inaingia."

"Kwani maharage inaogopa giza, Katekista?"

Aliingia ndani, akamkuta Nestor amelala chali, mikono kifuani, ameshajipanga. Akamvuta mkono mpaka akasimama, akambandika jembe mkononi. Emérence alimsukuma nje mbele yake kama mbuzi asiyetaka soko, wakateremka kwenye shamba la Nestor chini ya nyumba.

Mwanzoni walikuwa wao wawili tu. Kisha Marie, kitambaa mkononi badala ya kichwani. Kisha Godelieve. Kisha Evode, akiwa amevua koti lake la Jumapili. Watu wakaenda majumbani na kurudi na majembe, na baada ya kitambo mteremko mzima ulikuwa unalia, ta, ta, ta, gizani, jambo ambalo kilima kile hakikuwahi kulisikia. Nestor alianza kulima sawasawa. Mtu mmoja alitania kwamba hajawahi kumwona akitoka jasho hivi tangu alipooa. Wachache walicheka.

Walipofika ukingoni mwa shamba, wote walisimama kuvuta pumzi. Majembe yote yalitua.

Ta...

Chini kule, karibu na migomba, moja lilikuwa linaendelea.

Nestor alimshika Emérence mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Shemeji," alinong'ona. "Unasikia?"

"Ninasikia," Emérence alisema. Alifungua kitenge, akamjazia mbegu mkononi.

"Lima."