Buni ya Ndugu

Buni ya miaka sitini haina haki ya kuwa na unyevu. Muganyizi alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mwanza, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini: kushika kitu cha kale, kukinusa, kukigonga kwa ukucha, kisha kuwatangazia watazamaji kama ni cha kweli au cha kitapeli. Siku ile, mbele ya kamera, alifungua kikapu kidogo cha Kihaya, kile cha kuwakaribishia wageni kahawa ya kutafuna, akakuta kitambaa cha gome la mti na ndani yake buni moja tu. Ilikuwa imelowa, kana kwamba imetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi. Na yeye, badala ya kuogopa, akacheka.

Jamani, yule mtu na kicheko chake! Alizaliwa Kagera migombani, akaja Mwanza kufundisha historia, akachoshwa na watoto wanaosinzia, akafungua kibanda Kirumba cha vigoda, mikuki na ngoma za mababu. Watu wa televisheni walimsikia akimfokea muuzaji aliyemletea kinyago kilichopakwa rangi ya viatu, wakampa kipindi palepale. Tangu hapo, kila Jumapili mkoa mzima ulikaa kumtazama. Msidhani walitazama ngoma. Walitazama ulimi. Akisema "Feki!" mtu anakwenda kwao kajiinamia, na kesho yake watoto wanaliimba barabarani.

Mwenye kikapu alikuwa Ma Leonsia, mjane mtu mzima aliyevuka ziwa kutoka Bukoba.

"Mwanangu, hiyo usiiguse," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu mume wangu alikuwa mchuuzi wa kahawa. Boti yao ilizama, kitu kikamtoa majini kikamweka juu ya mwamba. Kikamwambia, tuchanjiane udugu. Wewe ni Mhaya, unaujua omukago."

Aliujua. Watu wawili wanachanjana tumboni, wanaichovya kahawa kwenye damu, kila mmoja anatafuna buni ya mwenzake. Baada ya hapo ni ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Adui wa huyu ni adui wa yule.

"Kile kitu kilikula buni ya mume wangu," Ma Leonsia akaendelea. "Yeye akajifanya anatafuna ya kile kitu, akaificha hii shavuni. Hakukanyaga tena ufukweni mpaka anaingia kaburini. Sikuja uniambie bei, waitu, mwanangu. Nimekuja uniambie niiweke wapi."

Muganyizi akaigeukia kamera. "Kikapu ni cha kweli. Hadithi ya mama ni feki!" Akaitupia buni mdomoni, akaitafuna mbele ya mkoa mzima.

Ilikuwa na chumvi. Ilikuwa na joto. Ma Leonsia alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka bila kikapu chake. Safia, binti wa Kirumba aliyekuwa nyuma ya kamera, alisema bismillahi kimoyomoyo.

Wa kwanza kuumia alikuwa Ngosha. Alileta ngoma, Muganyizi akaitangaza feki, Ngosha akamjibu mbele ya watu kwamba yeye mwenyewe ndiye feki, mwalimu aliyeshindwa kazi. Muganyizi akahisi damu inampanda. Hapo ndipo alipoisikia mara ya kwanza, karibu kabisa na sikio la kushoto: krr, krr, krr, mtu anatafuna buni taratibu, na harufu ya kahawa mbichi iliyochanganyika na magugumaji yaliyooza. Akageuka. Hakuna mtu. Dakika chache baadaye Ngosha alikuwa anapiga yowe chooni, na waliovunja mlango walimkuta mikono yake yote miwili imekunjwa kinyume kwenye viwiko, mfupa umetoka nje mweupe, na sakafu nzima ina nyayo za maji ambazo hazikuwa zake.

"Ameteleza," watu walisema. Mtu anateleza anavunjika mikono miwili? Haya.

Wa pili alikuwa Nestory, meneja wa vipindi, aliyemwita ofisini na kumwambia vijana hawataki tena ngoma, wanataka muziki, kwa hiyo kipindi kitapunguzwa. Muganyizi alikasirika tu moyoni, na ile sauti ikaanza sikioni, krr, krr, na Nestory akiwa bado anaongea kichwa chake kilivutwa nyuma kwa nywele na mkono usioonekana, kikapigwa kwenye kioo cha dirisha, mara ya kwanza kioo kikapasuka, mara ya pili kikamwagika, mara ya tatu hapakuwa na kioo tena bali fremu ya chuma, na mkono ukaendelea kupiga, na Muganyizi akasimama pale damu ya mwenzake ikimrukia shati akiomba iishe, na haikuisha mpaka hasira yake mwenyewe ilipoisha kwa hofu. Nestory alipona, akawaambia polisi Muganyizi hakumgusa, lakini jicho moja lilibaki palepale ofisini.

Ni Safia aliyemshika mkono. "Kaka Muganyizi, mimi nimeona. Kila ukinuna, mtu anaumia. Twende Kisesa kwa shangazi."

Shangazi yake, Bi Mwaija, alikuwa mtu wa kupunga majini, na hakuwa mtu wa maneno matamu. Alifukiza ubani, akamwekea sikio tumboni, akasikiliza muda mrefu. Kisha akakizima chetezo.

"Jini aliyeingia kwa mlango nitamtoa kwa mlango," alisema. "Huyu umemla. Ni ndugu yako. Haoni sura, wala hasikii maneno, anausikia moyo wako tu. Ukimchukia mtu, anakwenda kumkomoa kwa ajili yako. Anakupenda, baba."

"Hawezi kufa?"

"Kiapo ndicho kinachoua. Ndugu akimdhuru ndugu, buni itamfuria tumboni mpaka apasuke. Na si anayepiga peke yake. Hata anayemtega mwenzake avunje kiapo, na yeye itamfuria. Kwa hiyo usilete ujanja wako wa televisheni. Nenda ukajifunze upole. Hasa nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na Prudencia. Mwalimu wa shule ya msingi hapo Mkolani, mwanamke mwenye kicheko cha kutoka tumboni, ambaye alimpenda Muganyizi tangu akiwa na kibanda kisicho na mlango. Muganyizi alimpenda mno, na kwa sababu hiyo akafanya ujinga mkubwa: hakumwambia. Atanionaje, alijiuliza, akijua kununa kwangu kunavunja watu mifupa? Akaomba likizo, akajifungia ndani, akawa mpole kama maji ya mtungini. Chai imepoa, sawa. Umeme umekatika, sawa. Prudencia alimtazama mume wake anavyotetemeka kila mtu akigonga mlango, akaumia moyoni, akaamua kumsaidia.

Ukificha maradhi, kifo kitakuumbua. Waliosema hawakukosea.

Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati, Prudencia anamenya ndizi jikoni.

"Baba, nimewapigia simu televisheni," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia umeacha kazi. Watamweka mtu mwingine Jumapili hii."

"Umesemaje?"

"Nimewaambia umeacha. Ile kazi inakuua, mume wangu."

Kipindi chake. Jina lake. Kitu pekee alichokijenga mwenyewe, kimevunjwa kwa simu moja na mtu anayemenya ndizi! Hasira ilimpanda kabla hajaikamata, na mvua yote juu ya mabati haikutosha kuifunika ile sauti: krr, krr, krr.

"Prudencia, kimbia!"

Aligeuka amuulize kwa nini, na kisu kikamdondoka, kwa sababu vidole vya maji vilikuwa vimezama shingoni mwake na miguu yake ilikuwa imeshaachana na sakafu, na Muganyizi akajirusha kwenye ule mkono akapita katikati yake kama mtu anayekamata maji, akapiga kelele "Mwache! Mwache!" lakini mdomo wake ulisema mwache na moyo wake bado ulikuwa unauma kwa ajili ya kipindi, na ndugu hasikii mdomo, na macho ya mke wake yalikuwa yameanza kutoka, na visigino vyake vilikuwa vinagonga kabati, na pingili za shingo zilikuwa zimeanza kulia.

Hapo alikumbuka maneno ya Kisesa, yote, na lile la anayemtega mwenzake pia. Hakusita.

"Nani aliyeila?" alijiuliza kwa sauti. "Mimi. Nani aliyemwaibisha mama mtu mzima aliyekuja kuomba msaada? Mimi. Nani amekaa ndani ya nyumba hii na siri mpaka mke wangu ananyongwa? Mbwa wewe! Mbwa, Muganyizi!" Na safari hii haikuwa ya kamera. Alijichukia kwa moyo wake wote.

Kutafuna kukanyamaza. Prudencia akaanguka chini, akavuta pumzi kwa mlio. Na kitu kikamgeukia Muganyizi, naye akakiona: mtu mrefu wa maji meusi, hana macho, ana mdomo tu, na mdomo umetulia kwa mara ya kwanza. Kikampiga ngumi moja. Taya ikavunjika vipande, meno yakamwagika juu ya maganda ya ndizi. Kikainua mkono wa pili, kikasita, kikajishika tumbo. Tumbo likafura, likafura mpaka likagusa kuta, na kile kitu kikatoa sauti ya mtoto aliyepigwa na mzazi bila kosa, kikapasuka. Jikoni nzima ilijaa maji ya ziwa, matope na magugu.

Hospitalini walimfunga taya kwa waya. Prudencia, shingo yake ina alama nyeusi za vidole, alikaa naye kila siku akimnywesha uji kwa mrija. Bi Mwaija alikuja, akafukiza nyumba, akasema safi, hakuna kitu tena humu. Lakini alipofika kitandani kumwona mgonjwa, aliinamisha kichwa, akamwambia "pole, baba," na hakukaa.

"Utapona," Prudencia alimwambia, akicheka kile kicheko chake huku machozi yanamtoka. "Halafu utanifokea mpaka uchoke, nami nitakujibu. Nimemisi kelele zako."

Ulimi uliomfanya Muganyizi maarufu ulikuwa umelala nyuma ya waya. Alimshika mkono, akaubana, na hakujuta hata kidogo.

Prudencia akamfunika shuka vizuri, akapapasa tumbo lake, akatabasamu.

"Ona!" akasema kwa furaha. "Uji umekukubali, baba. Umeanza kunenepa."